Kipokezi Namba Arobaini na Moja

Saa nane usiku, Coimbra, ghorofa ya pili.
Anselmo ameshusha mapazia, amezima taa,
ameniachia kiti chake chenye gurudumu bovu
na kwenda kujilaza juu ya koti lake.
Zamu yangu: kuhesabu vinavyotembea.

Kwenye sahani ya kioo zimo seli za ubongo wa panya,
siku ya kumi na nane tangu zipandwe.
Zimenyoosha matawi, zimetafutana gizani,
zimekaribiana hadi unywele usipite,
zikakomea hapo.
Mwanya huo ndio sinapsi.
Mwanya huo ndio mshahara wetu
na ugomvi wetu wa kila Ijumaa.

Ng'ambo moja hutema glutamati.
Ng'ambo ya pili hungoja vipokezi,
vilango vilivyopachikwa kwenye utando wa mafuta,
na utando wenyewe hautulii,
ni mchuzi mzito usiokubali kuganda.
Kila kilango nimekivisha punje ya nuru.
Nimevipa namba. Majina niliyaogopa.

Huyu wa arobaini na moja ni mzururaji.
Huchepuka, hujikwaa, hurudi alikotoka,
huipita sinapsi kama mtu aipitaye nyumba ya mdeni wake
akijifanya ana safari nyingine.
Halafu, ghafla, amesimama.

Hakusimama kwa hiari. Ana mshenga.
Protini ndogo, imeambatana naye tangu ndani ya seli,
iliyopata jina lake kwa panya mmoja mgonjwa
aliyekuwa akiinua kichwa kama msoma nyota.
Mshenga hana misuli. Ana mkia,
na ncha ya mkia huo inalijua tundu lake
kama kifungo kinavyolijua,
huko chini ya utando, kwenye jamvi
la protini zilizosukwa zikashikana.
Posa imekubaliwa.
Nuru inatetemeka mahali pamoja.

Hapo ndipo seli husikia zaidi kuliko jana.
Ndiyo yote tunayoyajua kuhusu kujifunza,
au karibu yote, au robo.

Maana wapo na wale wa kikapu.
Huja kwa chini, huukunja utando taratibu,
humfunika aliyekaa, humchukua ndani.
Hawavunji kitu. Hawana chuki.
Asubuhi sinapsi husikia kidogo.

Mama yangu, Deolinda, alipiga pasi majoho meusi
ya wanafunzi wa mji huu miaka thelathini na saba.
Jumapili aliniuliza mimi ni binti wa nani.
Nikamwambia. Akashukuru
kwa adabu ya mtu aliyeelekezwa njia.
Kisha akalivuta shati langu kutoka kitini,
akalilaza mezani, kola kwanza, mabega, ndipo mikono,
akalowesha kidole kwa ulimi
kulijaribu joto la pasi ambayo haikuwepo.

Majirani huniuliza: Zulmira, dawa lini?
Mimi nahesabu nukta.

Profesa Ermelinda anasema hakuna kipokezi kinachodumu.
Hukaa kitambo, huondoka,
kingine hukalia joto la kiti.
Basi kinachobaki ni nini?
Ile harufu ya sufu yenye mvuke, jikoni kwetu,
mwaka mto ulipoingia hadi ngazi ya tatu,
imeshikwa kichwani mwangu na wapangaji wangapi
wasiowahi kuonana?

Saa tisa na dakika kumi na mbili
arobaini na moja anazimika.
Kanuni iko wazi: andika "amepotea".
Lakini yawezekana kikapu kimempitia,
na yawezekana ni punje tu iliyochoka kung'aa
na yeye angali palepale, gizani,
mkia wa mshenga wake tunduni.
Hadubini haitofautishi.

Naacha kisanduku wazi.
Anselmo anakoroma. Mvua imehamia upande wa mtoni.
Nasogeza kiti, gurudumu linalia,
natazama dakika nne zaidi
mahali pale pasipo na kitu.